Mafundi wa Kambi ya 60

Saruji ikishakutana na maji haimsubiri mtu. Fundi ana muda mfupi wa kuimwaga, kuishindilia na kuisawazisha kabla haijashika, na kosa atakalolifanya katika muda huo litaganda palepale. Wafungwa wa vita wa Kiitalia walioletwa kisiwa cha Lamb Holm mwanzoni mwa mwaka 1942 waliijua saruji hivyo, kwa mikono na kwa mgongo, kutwa nzima. Kazi yao ya mchana ilikuwa kufyatua matofali ya zege yenye uzito wa tani tano na tani kumi, ya kutoswa baharini. Kazi ya jioni, ambayo hakuna aliyewalazimisha kuifanya, ilikuja kuwa kanisa.

Lamb Holm ni kisiwa kidogo katika visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskoti. Ni mahali pa nyasi na upepo, miti karibu hakuna, na katikati ya majira ya baridi jua hukaa juu kwa saa sita hivi tu. Vita vilikifikia kwa sababu ya mahali kilipo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1939, nyambizi ya Kijerumani U-47, chini ya nahodha wake Günther Prien, ilipenya katika mlango wa bahari wa Kirk Sound, kaskazini tu ya Lamb Holm, ikaingia Scapa Flow, ngome kuu ya manowari za Uingereza, na kuizamisha HMS Royal Oak. Zaidi ya mabaharia 830 walikufa. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la wanamaji wakati huo, akaamuru milango ya mashariki izibwe kwa kuta nne zitakazounganisha kisiwa kikuu na Lamb Holm, Glimps Holm, Burray na South Ronaldsay. Watu wa kuifanya kazi hiyo walikuwa haba. Basi wakaletwa Waitalia waliotekwa katika jangwa la Afrika Kaskazini, wapatao 1,300 kwa visiwa vyote vya Orkney, na 550 kati yao wakawekwa Lamb Holm, katika Kambi ya 60.

Tuutazame kwanza ukuta wenyewe unavyojengwa, maana ndipo mikono ya watu hawa ilipozoea saruji. Mawe yaliyopasuliwa machimboni hufungwa ndani ya nyavu za waya. Nyavu hizo hubebwa kwa nyaya nene zilizotandazwa angani kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, kisha huachiwa zianguke majini, moja juu ya mwenzake, mpaka kilima cha mawe kichomoze juu ya maji. Kuta hizo zilimeza kama tani 250,000 za mawe. Juu ya mawe huja matofali ya zege. Ya tani tano hupangwa katikati. Ya tani kumi huachwa pembeni bila mpangilio, kwa makusudi, ili wimbi likija lipasuke na kuishiwa nguvu kwenye mianya yake. Yalifyatuliwa matofali kama 66,000, na kila moja lilipita njia ileile: kalibu, kokoto, mchanga, saruji, maji, kushindilia ili yasibaki mapovu ya hewa, kusubiri, kufungua kalibu, kuanza upya.

Mtu aliyekoroga zege kwa miezi mingi huijua kwa sauti ya beleshi. Hujua mchanganyiko uliolegea kwa namna unavyoteleza, na uliokauka kwa namna unavyokwaruza. Hujua pia kwamba baridi huichelewesha saruji kushika, na kwamba barafu ikiiwahi kabla haijakomaa, itameguka. Maarifa haya hayakuwa zawadi ya mtu yeyote. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza mfungwa kufanyishwa kazi zinazohusika moja kwa moja na mapigano, na Waitalia walipoona ukuta unaozuia nyambizi waligoma. Waliambiwa kwamba wanajenga njia za wananchi wa visiwa hivyo kupita kwa miguu na kwa magari. Wakarudi kazini. Leo kweli barabara inapita juu ya kuta hizo, lakini sidhani kama maelezo hayo yalimdanganya mtu yeyote kambini.

Wala sitaki kuisafisha historia kwa sababu ya uzuri wa kanisa. Jeshi walilolitumikia watu hawa liliivamia Ethiopia mwaka 1935 na liliikalia Libya kwa mkono wa chuma, na sisi wa upande huu wa Afrika hatuna haja ya kukumbushwa. Lakini mfungwa aliyekaa kwenye banda la bati na kopo tupu mkononi ni mtu mmoja, na kazi aliyoifanya kwa kopo lile ndiyo ninayoitazama hapa.

Kambi yenyewe ilikuwa mabanda 13 kwenye tope. Walianza na tope. Walimwaga njia za zege kati ya banda na banda ili miguu isizame, wakapanda maua kando ya njia, wakajitengenezea ukumbi wa michezo ya kuigiza na meza ya biliadi ya zege. Katikati ya kambi waliacha uwanja, kama miji ya kwao ilivyo, na uwanja ulitaka sanamu. Hapo ndipo Domenico Chiocchetti, mchoraji kutoka Moena katika milima ya Dolomiti, alipojitokeza.

Alichonacho mchongaji kwa kawaida ni jiwe au shaba. Alichokuwa nacho Chiocchetti ni seng'enge, waya uleule wa miba unaomzuia mfungwa asitoke, na saruji. Akaukunja waya ukawa mifupa: miguu ya farasi, shingo, mwili wa mpanda farasi, mkono ulioinuliwa, joka lililojikunja chini. Saruji ikafuata juu ya mifupa. Kazi ya namna hii huenda kwa matabaka. Tabaka la kwanza hubanwa ndani ya waya ili lishike. Miba, iliyotengenezwa ili ing'ang'anie nguo na ngozi, hapa inaing'ang'ania saruji. Likianza kukaza, hukwaruzwa, ili tabaka linalofuata lipate mahali pa kung'ata. Uso wa mwisho husawazishwa kwa mwiko mdogo na vidole vilivyolowa maji. Mtakatifu Joji akimuua joka bado yuko Lamb Holm hadi leo, nje, kwenye mvua na chumvi ya bahari. Ndani ya kitako chake waliweka chupa yenye majina yao na sarafu za Italia.

Kanisa lilisubiri mpaka mwishoni mwa mwaka 1943. Wakati huo mkuu wa kambi alikuwa Meja Thomas Buckland, na padre wa wafungwa alikuwa Gioacchino Giacobazzi. Wafungwa walikuwa wameomba mahali pa kusali. Wakapewa mabanda mawili ya Nissen.

Banda la Nissen linastahili kuelezwa, maana ugumu wote wa kazi umo humo. Lilibuniwa na afisa wa jeshi, Peter Norman Nissen, mwaka 1916, ili liweze kubebwa vipande vipande na kusimamishwa haraka. Ni mabati ya migongo yaliyopindwa nusu duara na kuketishwa chini, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu wake. Halina kuta: paa ndilo ukuta. Ndani yake hakuna pa kutundika picha wala pa kusimamisha nguzo, kwa kuwa kila upande unakuinamia. Katika baridi bati hutoa jasho, na maji hutiririka kwenye migongo yake. Mtu anayetaka kuligeuza banda hilo kuwa nyumba ya Mungu hapambani na umaskini wa vifaa pekee. Anapambana na umbo.

Waliyaunganisha mabanda mawili, ncha kwa ncha, yakawa ukumbi mmoja mrefu. Upande mmoja ukatengwa kwa altare. Nia ya awali ilikuwa ndogo: kuipamba sehemu ya altare tu. Walianza kwa kuyaficha mabati. Juu ya migongo ya bati zilifungwa bodi za plasta, zile ambazo mafundi wetu mijini leo huziita jipsamu, mpaka mabonde na vilima vya bati vikapotea na ukabaki uso laini unaofuata mviringo wa paa. Kila aliyewahi kufunga bodi za namna hiyo anajua kwamba kasoro hujificha kwenye maungio. Kwenye dari lililonyooka unaweza kuidanganya taa. Kwenye dari la mviringo mwanga huingia kutoka pembeni, na ungio lililozidi kwa unene wa karatasi hutupa kivuli kirefu.

Kisha saruji ikaingia ndani. Domenico Buttapasta, fundi wa saruji, ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa Chiocchetti katika kazi hizi. Altare ni ya zege. Chombo cha maji ya baraka ni cha zege pia. Zege hiihii ya kuzibia bahari ikatakiwa sasa iwe na pembe kali, mikunjo na mapambo. Mabadiliko hayo hayapatikani kwa kubadili saruji. Yanapatikana kwa kuchekecha mchanga uwe laini zaidi, kwa kupima maji kwa uangalifu zaidi, na kwa kalibu iliyotengenezwa na mtu asiyeona haya kuianza upya. Tofali la tani kumi likimeguka pembe, hakuna atakayejua, linakwenda majini. Altare ikimeguka pembe, padre ataiona kila asubuhi.

Juu ya altare Chiocchetti alichora Mama Maria na Mtoto Yesu. Mfano wake ulikuwa kadi ndogo ya sala aliyopewa na mama yake, ambayo aliibeba vita vyote, yenye nakala ya picha ya mchoraji Nicolò Barabino, Maria wa Mizeituni. Mtoto ameshika tawi la mzeituni. Fikiria kazi ya kuichukua picha inayoenea kiganjani na kuipeleka ukutani. Kila kitu kinakua, pamoja na makosa. Kipaji cha uso ambacho kwenye kadi ni doa moja la rangi, ukutani kinadai mpito wa taratibu kutoka kwenye mwanga hadi kwenye kivuli. Pale ambapo mchapishaji wa kadi alibakiza ukungu, mchoraji analazimika kuamua mwenyewe kidole kinaishia wapi. Kuizunguka picha hiyo aliweka malaika, na mmoja wao anaurudisha upanga alani. Mwingine amebeba ngao ya buluu yenye alama ya Moena, kijiji cha mchoraji. Ni kama sahihi aliyojiruhusu mahali hapo, na naiona ya haki.

Pembeni ya altare kuna madirisha mawili ya kioo kilichopakwa rangi: Fransisko wa Asizi upande mmoja, Katarina wa Siena upande wa pili. Katika kuba alichora alama za wainjili wanne na hua mweupe, na chini zaidi makerubi na maserafi. Kuchora kwenye kuba kuna mateso yake: mkono uko juu ya kichwa, rangi inateremka kwenye mpini wa brashi hadi kwenye mkono wa shati, na mchoraji hawezi kuona umbo lote mpaka ashuke. Hushuka, hutazama, hupanda tena. Sehemu kubwa ya kuchora dari ni kupanda na kushuka.

Wengine wakaleta walichojua. Mbao za tabernakulo zilitoka kwenye meli iliyozama, na Orkney haikukosa meli zilizozama. Vinara vya mishumaa vikafuliwa kwa chuma na kwa shaba nyeupe. Mapazia ya dhahabu yalinunuliwa kutoka kwa kampuni moja ya Exeter, kwa fedha za mfuko wa wafungwa wenyewe. Na taa zikatengenezwa kwa makopo ya nyama.

Nikae kidogo kwenye makopo hayo. Bati la kopo la nyama ni jembamba. Likikatwa huacha makali yanayopasua kidole, na likikunjwa mara mbili mahali pamoja hukatika. Fundi ana nafasi moja kwa kila mkunjo. Hulifungua kopo kwenye mshono, hulilaza, huligonga kwa upole mpaka liache kukumbuka umbo lake la zamani, hulichora kwa msumari, hulikata, kisha huukunja ukingo uingie ndani ili mkono utakaobadilisha taa usijeruhiwe. Ukingo huo hauonekani kutoka chini. Aliyeukunja alikuwa akimfikiria mtu asiyemjua.

Sehemu ya altare ilipokamilika likatokea jambo ambalo kila fundi analijua: kazi nzuri iliitia aibu sehemu iliyobaki. Upande mmoja kulikuwa na kuba, malaika na mishumaa, na hatua chache nyuma kulikuwa na banda la bati. Hawakuweza kuacha hapo.

Giuseppe Palumbi alikuwa mhunzi, na uhunzi wa mapambo alikuwa ameujulia Marekani. Alipewa kazi ya kiambaza cha chuma kitakachotenga altare na ukumbi wa waumini. Kilimchukua miezi minne. Vyuma vilikuwa chakavu. Katika uhunzi chuma chakavu kina ugumu wake, kwani kila kipande kina tabia yake. Kimoja kinalainika mapema, kingine kinapasuka kikigongwa kikiwa hakijaiva. Mhunzi husoma rangi. Wekundu wa damu ya mzee haujatosha. Chungwa ndiyo rangi ya kupinda. Kikianza kurusha vimulimuli vyeupe kimeshaungua. Kati ya motoni na ubaridi ana pumzi chache za kufanya alichokusudia. Anakitoa kwa koleo, anakilaza kwenye pembe ya fuawe, anagonga na kuzungusha, na ncha inaanza kujikunja kama jani changa la kangaga. Kinarudi motoni. Mkunjo mmoja huenda na kurudi mara kadhaa, na kiambaza kizima ni mikunjo juu ya mikunjo, kushoto na kulia, kila mmoja na pacha wake.

Upacha huo ndio mtihani. Kupinda chuma kimoja kikapendeza ni kazi ya mwenye kipawa. Kupinda cha pili kilingane na cha kwanza, kilichopoa wiki iliyopita, kutoka kwenye chuma chakavu cha aina nyingine, ni kazi ya mwenye subira. Ukisimama mbele ya malango ya Palumbi jicho halipati pa kukwama, linateleza kutoka mkunjo hadi mkunjo mpaka kwenye altare, na hilo ndilo lililokusudiwa: kiambaza kinatenga bila kuzuia. Sakafuni, mahali malango yanapokutana na kugota, kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la moyo. Palumbi alimpenda mwanamke wa Orkney, na alikuwa na mke na mtoto Italia. Alirudi kwao. Moyo ukabaki sakafuni, ukiendelea kufanya kazi yake ya kuzuia malango.

Sasa ukumbi wenyewe. Watu wengi wakilisifu kanisa hili husifu picha ya Mama Maria au chuma cha Palumbi, na wana haki. Kwangu mimi kazi kubwa kuliko zote humo ndani ni matofali ya ukutani, ambayo hayapo. Ukuta wote wa ukumbi, kutoka mlangoni hadi kwenye kiambaza, umechorwa ukaonekana umejengwa kwa matofali, na sehemu yake ya chini ikaonekana ni jiwe lililochongwa kwa mapambo. Ukiugusa ni laini. Yote ni rangi juu ya bodi.

Siri yake ni rahisi kuieleza na inachosha kuifuata. Mchoraji huamua kwanza mwanga unatoka upande gani. Kisha kila tofali hupata rangi ya mwili wake, halafu mstari wa mwanga kwenye ukingo unaoelekea nuru, halafu mstari wa kivuli kwenye ukingo wa pili. Brashi tatu, rangi tatu, na uamuzi uleule. Tofali moja linachukua muda mfupi. Lakini yako mamia kwa mamia, na adui wa mchoraji hapo si ugumu, ni uchovu. Kwenye tofali la kumi mkono una hamu. Kwenye la mia mbili akili imeshaondoka, na hapo ndipo mstari wa kivuli unapohama ukaja upande wa mwanga, na ukuta mzima ukaanza kuyumba bila mtazamaji kujua kwa nini. Ukuta wa Lamb Holm hauyumbi. Kutoka mlangoni hadi altareni, nuru inatoka upande mmoja. Watu waliokuwa wamefyatua matofali ya kweli mchana kutwa, ya tani tano na tani kumi, waliweza jioni kurudia tofali la uongo bila kulidharau hata moja.

Ikabaki sura ya nje. Ukitoka mlangoni ukageuka, uliona tena banda, na nusu duara la bati lilisema ukweli wote. Buttapasta akajenga uso wa mbele wa zege, wenye urefu na upana wa kulificha umbo lile lote: kibaraza chenye nguzo mlangoni, madirisha pande mbili, vilele vyenye ncha pembeni na kinara cha kengele juu. Juu ya mlango ikawekwa sura ya Kristo mwenye taji la miiba, iliyofinyangwa kwa udongo mwekundu na mfungwa mwingine, Pennisi. Mabati ya ubavuni yakavikwa saruji nzito ili mvua isiingie. Uso ule ni mwembamba. Ukizunguka pembeni unaona banda lilivyo hadi leo, mgongo wake wa mviringo umetulia nyuma ya sura ya kanisa la Kiitalia. Napenda kwamba hawakujaribu kulificha kutoka kila upande. Walikuwa na saruji ya kiasi fulani na siku za kiasi fulani, wakaziweka pale ambapo mtu anayekuja kusali ataangalia.

Tarehe 9 Septemba 1944 wafungwa waliondolewa Lamb Holm. Kazi ya kuta ilikuwa inaelekea kwisha. Zilifunguliwa rasmi Mei 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimeshamalizika. Chiocchetti hakuondoka na wenzake. Chombo cha ubatizo kilikuwa hakijakamilika, akaomba abaki akimalize. Kiini chake kilikuwa bomba la moshi la gari, juu yake saruji. Mtu aliyekuwa mfungwa, aliyekuwa na safari ya kutoka kambini mbele yake, alibaki ili tabaka la mwisho la saruji likauke vizuri. Katika historia nzima ya Kambi ya 60 hakuna jambo linalonishangaza zaidi ya hilo.

Mabanda mengine yote ya kambi yalivunjwa baada ya vita. Kanisa na Mtakatifu Joji viliachwa. Sutherland Graeme, mwenye kisiwa, alikuwa amewaahidi Waitalia kwamba watu wa Orkney watakitunza walichojenga. Bati na saruji huzeeka vibaya kwenye hewa ya chumvi, na kufikia miaka ya 1950 rangi zilikuwa zinabanduka. Mwaka 1958 ikaundwa kamati ya kulihifadhi kanisa. Mwaka 1960 Chiocchetti aliletwa tena Lamb Holm, safari hii akiwa mtu huru, akakaa wiki tatu akitengeneza kazi yake mwenyewe. Ni kazi nyingine kabisa kuliko ile ya kwanza. Mchoraji kijana huweka rangi anayoitaka. Mrekebishaji hutafuta rangi iliyokuwapo, akaichanganya mpaka ilingane na iliyofifia pembeni yake, na akiifanya vyema hakuna atakayeona kwamba alipita. Misa ilisomwa humo tena tarehe 10 Aprili 1960. Alirudi mwaka 1964 pamoja na mkewe, akileta vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba vilivyochongwa kwa mbao. Alifariki Mei 1999.

Kwetu Afrika Mashariki kazi ya mikono ya namna hii ipo, na iko kando ya barabara. Waitalia waliotekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 waliletwa Kenya kwa maelfu, na baadhi yao walichonga barabara inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha. Chini ya mteremko, karibu na Mai Mahiu, walijenga mwaka 1942 kikanisa ambacho wasafiri wengi hukipita kwa kasi, macho yakiwa kwenye malori. Ukipita hapo, mwambie dereva asimame. Ingia, usitosheke na kupiga picha ya nje. Tazama mawe yalivyokutana kwenye kona, tazama mlango ulivyokaa kwenye fremu yake, pitisha kiganja ukutani. Na ukikuta ufa au unyevu, muulize anayekitunza anahitaji nini, saruji, rangi au fundi wa siku mbili, na umsaidie kukipata.